Semina, mapipa ya rangi, marufuku au kupima taka: shule na chuo waanze na nini kupunguza plastiki?

Swali hili nimeulizwa na watu wa kila aina, mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, hata marafiki watatu wanne waliojichanga wakasema nao wanataka kwenda mashuleni kuhamasisha: tuna hela kidogo na muda mchache, tufanye nini plastiki ipungue? Ukiwauliza wenyewe wamefikiria nini wanakutajia vitu vilevile, semina, siku ya usafi, mapipa ya rangi, au "tupige marufuku chupa". Mi nimeshashiriki karibu vyote hivyo na vingine nilivurunda vizuri tu, kwahiyo badala ya kumjibu mmoja mmoja navishindanisha hapa, kipi kinaleta nini, kinakula nini na kinakwamia wapi, afu wewe uangalie mazingira yako uchague.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kuna lengo la "wanafunzi waijue shida ya plastiki" na kuna lengo la "plastiki ipungue kwenye taka za shule". Watu wanayachanganya hayo mawili kama vile la kwanza likitimia la pili linakuja lenyewe, na haliji. Wanafunzi wengi, hasa wa chuo, shida wanaijua vizuri kabisa na watakuelezea huku chupa iko mkononi. Hapa naongelea la pili. Kama unataka la kwanza tu basi semina inakutosha, huna haja ya kuendelea kusoma.

Semina au kupima taka?

Semina ni rahisi, hilo siwezi kukataa. Unaomba ruhusa, mkuu wa shule anakubali fasta maana haimgharimu chochote zaidi ya kipindi kimoja, unakusanya wanafunzi mia tatu ukumbini, projekta, picha ya kasa mwenye mrija puani, watoto wanasikitika kweli, mnapiga picha ya pamoja mnaondoka. Na sio kwamba haifanyi kitu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2015 uliangalia watoto wa miaka 8 mpaka 13 waliofundishwa kuhusu taka za baharini, wakaonekana wanajali zaidi, wanaelewa zaidi taka zinatoka wapi, na wakasema wanachukua hatua kuliko mwanzo. Ila ona hapo, wakasema. Mtoto umetoka kumfundisha asitupe taka ovyo, afu unamuuliza unatupa taka ovyo? Unategemea atajibu nini.

Shida nyingine ni kwamba semina inaongelea plastiki ya mbali. Bahari, kasa, samaki. Kengele ikilia mwanafunzi anatoka nje ananunua kitu kilichofungwa kwenye nailoni kwasababu hakuna kingine kinachouzwa, na kwenye slaidi zote arobaini hakuna hata moja iliyoongelea hicho kinachouzwa pale nje.

Kupima taka ni habari nyingine. Mnachagua siku, afadhali siku tatu au wiki nzima maana siku moja inadanganya, taka hazitupwi zinawekwa pembeni, mnatandika turubai, glavu, barakoa, mizani, mnamwaga mnachambua: chupa, vikombe, vifungashio laini, mifuko, mirija na vijiko, vyombo vya chakula, kalamu zilizokwisha wino. Kila fungu mnalihesabu NA kulipima uzito, msiruke hata kimoja. Chupa tupu ya nusu lita ina kama gramu 10, kifungashio cha vitafunio karibu hakina uzito, kwahiyo ukipima kwa kilo tu utasema adui ni chupa, ukihesabu tu utasema adui ni vifungashio, na kila mmoja atakuwa anasema kweli ila mipango itakayotoka hapo ni miwili tofauti kabisa.

Afu kuna safu ya tatu kwenye daftari ambayo wengi hawaiweki na mi naona ndo yenye thamani kuliko zote: hiki kitu kimeingiaje? Kimenunuliwa ndani ya geti, kimetoka nyumbani, au kimenunuliwa na shule yenyewe? Maana kila jibu lina mtu wake wa kwenda kumwona. La kwanza ni mwenye kantini, la pili ni mzazi, la tatu ni mhasibu.

Shule moja tuliyoenda tulikuwa tumeshachapisha kabisa mabango ya chupa, makubwa, ya rangi. Tulipomwaga taka, kumbe chupa sio nyingi kivile, watoto wengi walikuwa wanakuja na zao na kurudi nazo nyumbani. Kilichojaa ni vifungashio vya vitafunio, na fungu lililofuata lilikuwa vikombe vyeupe vya plastiki ambavyo hakuna mwanafunzi aliyejua vimetoka wapi. Vilikuwa vya chumba cha walimu, kila mtu akinywa kitu anachukua kikombe kipya. Wale watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mabango yetu yalirudi na boksi lake, na wiki ileile walimu wakaanza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, hakuna aliyewahutubia, aibu ilifanya kazi yenyewe.

Ila gharama za kupima usizidharau. Harufu ipo, nusu siku inaondoka, na lazima kuna mzazi atapiga simu kuuliza kwanini mwanae anachambua taka, kwahiyo wazazi wapewe taarifa mapema. Taka za vyooni na za chumba cha huduma ya kwanza hazifunguliwi kabisa, zinatengwa kabla. Watoto wadogo wasishike, wao wahesabu na kuandika tu. Na ongea na wafanyakazi wa usafi kabla ya mtu mwingine yeyote, wao wanajua pipa lipi linajaa siku gani kuliko mtaalamu mwenye digrii zake, tena mara nyingine chupa wanaziuza wao na ndo hela yao ya ziada, ukija na mradi wako wa kukusanya chupa bila kuwauliza umewapokonya. Hilo kosa nimelifanya, nilishtuka baada ya kuona naitikiwa salamu kwa shida.

Kwahiyo kati ya hivi viwili, kama una siku moja tu, ifanye iwe ya kupima, na yale maelezo uliyotaka kuyatoa ukumbini yatoe palepale kwenye turubai huku wameshika kitu chenyewe. Mwalimu wa hisabati anapata asilimia na grafu za muhula mzima, wa sayansi anapata aina za plastiki, hakuna atakayelalamika umemlia kipindi.

Mapipa ya rangi au maji ya kujaza?

Hapa ndo hela nyingi zinapopotelea. Mapipa matatu ya rangi yanapendeza, mfadhili anayapenda maana jina lake linakaa ubavuni mwa pipa, na kila mtu anajisikia kazi imeanza. Lakini pipa halipunguzi plastiki, linaipanga tu. Watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walipiga hesabu mwaka 2017 ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani mpaka 2015, wakapata tani bilioni 8.3, na katika tani kama bilioni 6.3 zilizokuwa zimeshageuka taka ni asilimia 9 tu iliyochakatwa (yaani kugeuzwa kuwa kitu kingine cha kutumika), 12 ilichomwa, 79 iko madampo au imezagaa. OECD, ile jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, nao kwenye ripoti yao ya 2022 wakaangalia taka za mwaka 2019 peke yake, tani milioni 353, wakaangukia kwenye asilimia 9 hiyohiyo. Dunia nzima na viwanda vyake imefika hapo, sasa wewe na mapipa yako matatu.

Simaanishi msichakate. Namaanisha kabla ya kununua pipa mpigie simu huyo atakayekuja kuchukua, muulize anachukua aina gani, anakuja mara ngapi, anataka vimeoshwa au vyovyote, na kiasi cha chini cha kumfanya awashe gari ni kilo ngapi. Ile alama ya pembetatu yenye namba 1 mpaka 7 chini ya chombo, iliyoanza 1988, watu wanadhani inasema "hiki kinachakatika", kumbe inakuambia tu ni plastiki ya aina gani. Namba 1 ya chupa za maji na soda, na namba 2 ya madumu na chupa za sabuni, ndo zenye wanunuzi sehemu nyingi, namba 5 mara mojamoja, ila 3, 6 na 7 utazunguka nazo mpaka uchoke. Vifungashio vya vitafunio ndo usiseme, vingi vina matabaka ya vitu tofauti yamegandishwa pamoja na hakuna wa kukaa kuyatenganisha. Kama jibu la simu ni "tunachukua chupa tu" basi weka pipa moja la chupa, lenye tundu la duara linalopitisha chupa na sio mkono uliojaa mabaki ya chakula, hayo mengine mawili achana nayo.

Na kuna siku wanafunzi watayaona mapipa yote matatu yanamwagwa kwenye gari moja. Chuo kimoja nilichokuwa nasaidia hilo lilitokea asubuhi, mchana video iko kwenye magrupu yote, na mpaka leo pale ukitaja kutenganisha taka wanakucheka usoni. Kuna na kitu kingine cha kisaikolojia. Mwaka 2013 Jesse Catlin na Yitong Wang walionyesha kwamba watu wakiwekewa pipa la kuchakata wanatumia karatasi nyingi kuliko lisipokuwepo, sehemu ya utafiti ilifanyika kwenye choo cha chuo kikuu, zile karatasi za kukaushia mikono. Ilikuwa karatasi sio plastiki, sawa, lakini hiyo tabia mi nimeiona sana kwa chupa, "aa si inachakatwa bana".

(Zile chupa za kushindilia nailoni mpaka ziwe ngumu kama tofali nazo naziweka kapu hilihili. Niliona shule imeagiza kila mtoto alete moja Ijumaa, watoto wakaanza kununua maji ya chupa ili wapate chupa ya kushindilia.)

Maji ya kujaza, yaani mabomba au madispensa ambayo mwanafunzi anajaza chupa yake mwenyewe, yanafanya kazi upande mwingine, kabla taka haijazaliwa. Kila anayejaza hajanunua. Ila nayo yana masharti yake na ukiyaruka umejenga sanamu. Maji lazima yapimwe na majibu yabandikwe palepale juu ya bomba, maana hakuna atakayekunywa kwa kuamini maneno yako. Ladha iwe ya kawaida. Vichujio vina tarehe ya kubadilishwa na mtu wa kubadilisha awe na jina, "uongozi utashughulikia" sio jina la mtu. Na hesabu mabomba kwa foleni ya mapumziko sio kwa idadi ya majengo, shule yenye mapumziko ya dakika 15 na bomba moja imewaambia wanafunzi wakanunue. Kama maji ya bomba hayanyweki kabisa, bado kuna yale madumu makubwa yanayorudishwa kujazwa, sio dawa kamili lakini dumu moja la lita 20 linafuta chupa 40 za nusu lita.

Halafu tafadhali, msigawe zawadi. Najua inauma, chupa za chuma na mifuko ya pamba yenye nembo ndo kitu cha kwanza watu wa uhamasishaji wanachofikiria. Wakala wa Mazingira wa Uingereza walitoa ripoti mwaka 2011 ikionyesha mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ndo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja, ukihesabu mchango wake kwenye joto la dunia. Mwanafunzi wa chuo akihudhuria makongamano manne anakuwa na mifuko minne. Wengi chupa ya kujaza wanayo tayari kabatini, kinachokosekana ni sehemu ya kujaza na ya kuiosha.

Kwangu mimi maji yanashinda mapipa bila ubishi, labda kama upimaji wenu umeonyesha chupa za maji ni chache, ndo maana nikasema muanze na kupima.

Marufuku, tozo au punguzo?

Hii ni ya vyuo zaidi, maana chuo kina maduka, kafeteria, wazabuni, na watu wazima wenye hela zao mfukoni. Na marufuku ndo neno linaloshangiliwa kwenye mikutano ya wanafunzi. Sasa sikia ya Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani. Januari 2013 waliacha kuuza maji ya chupa chuo kizima, na sio kwamba waliwaacha watu na kiu, sehemu za kujazia chupa zilikuwepo. Elizabeth Berman na Rachel Johnson wakafuatilia, wakachapisha 2015: idadi ya chupa zilizoingizwa chuoni kwa kila mtu iliongezeka badala ya kupungua. Watu hawakuacha chupa, waliacha maji. Wakahamia kwenye vinywaji vingine vya chupa, na vya sukari vikapanda.

Hiyo habari haimaanishi marufuku haifai, inamaanisha ukipiga marufuku kitu kimoja kwenye friji lenye vitu kumi umewasukuma watu kwenye hivyo tisa. Kama ni chupa basi ziwe chupa zote za kutumia mara moja kwa awamu, na kitu mbadala kiwe kimeshafika. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California kwenye sera yao ya 2020 ulipanga hivyo, mifuko na vyombo vya chakula 2021, chupa ndo zikaachwa mwisho, 2023. Chupa ni ngumu kwasababu kuna mikataba ya vinywaji nyuma yake, na mkataba hauogopi bango.

Tozo na punguzo ndo ulinganisho ninaoupenda maana watu wanadhani ni kitu kilekile. Kahawa kwa mfano: unaweza kumwambia mtu "ukija na kikombe chako unapunguziwa" au ukamwambia "kikombe cha kutupa kinalipiwa". Kwa hesabu inaweza kuwa kiasi kilekile kabisa. Lakini Wouter Poortinga na Louise Whitaker wa Chuo Kikuu cha Cardiff walijaribu kwenye maeneo 12 ya vyuo na ofisi, wakachapisha 2018, na wakakuta tozo iliongeza matumizi ya vikombe vya kurudia, punguzo halikufanya kitu. Kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, basi. Na ukiongeza ujumbe ulioandikwa karibu na mahali pa kulipia, na vikombe mbadala vikawepo palepale, matokeo yanazidi.

Namna ya kuifanya bila vita: bei ya jumla isipande. Mwenye kafeteria anatoa gharama ya kikombe kwenye bei ya kinywaji na kuiandika pembeni kama kitu chake. Mwenye kikombe analipa pungufu ya jana, asiye nacho analipa kama jana. Ni punguzo lililovaa nguo ya tozo, ila mtu anaiona risiti yake imeandikwa "kikombe" na inamkera. Sehemu moja tuliipandisha tu juu ya bei ya zamani bila maelezo na serikali ya wanafunzi ikaigeuza ajenda ya uchaguzi, ikafutwa ndani ya wiki mbili, na kwa kweli walikuwa na haki.

Kuna na vikombe au sahani za kuazima kwa rehani, unaacha hela kidogo unachukua chombo, ukirudisha unarudishiwa. Chuo ni sehemu nzuri kwa hilo kwasababu watu walewale wanazunguka eneo lilelile kila siku. Inakufa sehemu moja tu: kuosha. Kama jiko halina uwezo wa kuosha vyombo vyote vya saa ya mchana ndani ya muda, mpishi atarudi kwenye vya kutupa kimyakimya na hutamlaumu.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Wazabuni wakisikia marufuku wanakuletea vyombo "vinavyooza". Vingi ni vya plastiki ya PLA inayotokana na mimea, na hiyo inaoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la kama nyuzi 60, sio kwenye shimo nyuma ya bweni, na ikichanganyika na chupa za namba 1 inaharibu kuchakata kwake. Kama huna mtambo huo karibu umebadilisha jina la taka tu. La pili, mirija ya kukunja ibaki ipo kwa anayeomba. Kuna wanafunzi wenye ulemavu hawawezi kunywa bila hiyo, na hakuna haja ya kumfanya mtu ajieleze mbele ya foleni.

Siku ya usafi au klabu ya kudumu?

Siku ya usafi nitaitetea kidogo kwasababu wanamazingira wazoefu wanaidharau sana. Zoezi la kimataifa la kusafisha fukwe lilianza Texas 1986, na kilicholifanya lidumu ni kwamba waanzilishi wake hawakuokota tu, waliandika kila walichookota. Hizo karatasi ndo zilizokuja kuwa ushahidi wa miaka na miaka. Kwahiyo siku ya usafi yenye daftari ina maana, siku ya usafi isiyo na daftari ni kumsaidia mfagiaji kazi mara moja kwa mwaka, tena mkiwa mmevaa fulana mpya na mmeshika maji ya chupa. Nimeyaona hayo kwa macho, boksi zima la maji ya chupa limeletwa kwa ajili ya waokota chupa.

Klabu ni mwendo mrefu. Kwa shule, mpango wa Eco-Schools ulioanzishwa na FEE, shirika la kimataifa la elimu ya mazingira, mwaka 1994 una hatua saba, kamati yenye wanafunzi ndani yake, ukaguzi, mpango kazi, ufuatiliaji, kuunganisha na masomo, kushirikisha watu wa nje, na ahadi ya mazingira wanayoiandika wenyewe, afu ukifuzu unapata bendera ya kijani. Mi napenda kwamba ukaguzi unakuja kabla ya mpango. Nisichopenda ni makaratasi, na kwamba shule nyingi zinamwachia mwalimu mmoja, akihamishwa bendera inabaki mlingotini na plastiki inarudi pipani.

Chuoni ugonjwa ni uleule ila unakuja haraka zaidi, kiongozi wa klabu anamaliza baada ya miaka mitatu minne na anaondoka na neno la siri la akaunti. Ndo maana kwa chuo siweki nguvu sana kwenye klabu, naiweka kwenye karatasi ya zabuni. Sentensi moja kwenye mkataba wa kafeteria, kwamba anayekula ndani anapewa chombo cha kuoshwa, inaishi muda wote wa mkataba bila kuhitaji mtu wa kuhamasisha. Wanafunzi kazi yao iwe kuifikisha hapo kabla tenda haijatangazwa, kwahiyo jambo la kwanza kuuliza ofisi ya manunuzi ni mkataba wa sasa unaisha lini. Ukiikosa hiyo tarehe unasubiri miaka.

Changamoto za mwezi mmoja kama Plastic Free July (Julai bila plastiki), iliyoanza Australia Magharibi 2011, ni nzuri kwa bweni moja au idara moja, watu wanataniana, wanashindana. Ila Julai vyuo vingi vimefungwa, chagueni mwezi wenu.

Sasa uchague

Ukiwa shule ya watoto, wenye nguvu ni mkuu wa shule na wazazi, na mtoto ndo mjumbe mzuri kuliko wewe, akienda nyumbani akasema "leo tumehesabu na kifungashio changu kilikuwemo" mzazi anasikia. Pima, badilisheni kitu kimoja kinachoonekana, fundisheni kuhusu hicho kilichobadilika, pimeni tena. Mpangilio huo usiugeuze. Wengi wanafundisha kwanza wakisubiri mabadiliko, wakati ukibadilisha kwanza wanafunzi wenyewe watakuuliza kwanini, na mtu aliyeuliza anasikiliza kuliko aliyekusanywa ukumbini.

Ukiwa chuo, ruka semina ya jumla kabisa. Pima taka za jengo moja la chakula, chukua namba hizo peleka ofisi ya manunuzi, na wakati unasubiri mkataba uishe anza na tozo ya kikombe kwenye kafeteria moja ambayo mwenyewe amekubali. Moja tu. Ikienda vizuri wenzake watamuuliza amepunguza kiasi gani cha ununuzi wa vikombe na hapo utakuwa umepata mhamasishaji ambaye hujamlipa.

Ukiwa kikundi cha nje unayeingia na kutoka, usilete vitu, leta mizani na utaalamu wa kuchambua, afu acha daftari pale. Mkirudi kupima mara ya pili iwe siku zilezile za wiki na kipindi kilekile cha muhula, wiki ya mitihani watu wanakula tofauti na wiki ya michezo ndo kabisa, mkilinganisha hizo mtajisifia bure au mtakata tamaa bure. Na kama mizani mmeiazima jikoni, ioshwe kabla ya kuirudisha, sisi mara ya pili tulinyimwa kwasababu hiyo.